Maziwa ya Mwanamize

Baba alimpa mama talaka siku ya arobaini ya dada yangu. Masufuria ya pilau yalikuwa hayajaoshwa, na wasomaji wa khitma walikuwa bado wanatafuta makubadhi yao mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawishia wageni mikono. Nilisikia kila neno, na waliokuwa uani walisikia pia.

Dada yangu aliitwa Safina. Alikufa akiwa na miaka thelathini na tatu, kwa kansa ya titi iliyoanza na uvimbe mdogo kama punje ya choroko. Aliacha binti wa miaka minane, Tasnim. Msiba huo peke yake ungetosha, lakini shangazi Muzdalifa, dada mkubwa wa baba, hakuona kama umetosha. Alisimama katikati ya wanawake akasema kwamba ugonjwa wa titi hunyonywa titini, kwamba Safina aliunyonya kwa mama yake, na kwamba nyumba ya kaka yake isingepona maadamu mwanamke yule alikuwa ndani yake. Bibi mzaa mama aliwahi kuota jipu la titi miaka ya nyuma, likapasuliwa, likapona. Siku ile jipu lile lilifufuliwa.

Msituone wajinga. Kwetu mtoto ana pande mbili, na kila upande una chake. Jina na ukoo ni vya baba. Maziwa ni ya mama, na maziwa si kitu cha mchezo: watoto wawili walionyonya titi moja hawaoani, hata kama hawana tone la damu linalowaunganisha. Sasa kitu chenye nguvu ya kuharamisha ndoa kitashindwaje kubeba maradhi? Watu walilitazama jambo hilo wakaona limenyooka. Baba yangu, Bwanaheri, muuza kanga anayeheshimika Kibiti nzima, naye aliona hivyo.

Mama, Mwanamize, alirudi kwao Mahege na sanduku moja na mkeka wake. Tasnim alibaki Kibiti kwa babu yake. Akaonywa kwamba bibi yake aamkiwe kwa heshima zote, lakini asile wala asinywe chochote kutoka mkononi mwake.

Mimi ni Hanifa, mtoto wa pili na wa mwisho. Watu wa Kibiti wakiniuliza kazi yangu huwaambia nafuga wadudu wa chumvi, maana jibu refu huwachosha, nami hasira zangu ziko karibu. Jibu refu ni hili. Kule delta, mto unakoingia baharini, nyuma ya mikoko, kuna majaruba ya chumvi. Maji yakikaa juani wiki kadhaa hugeuka rangi ya juisi ya rozela, na wavuna chumvi husema yameiva. Rangi ile ni viumbe hai wasioonekana kwa macho, waitwao arkea. Si bakteria, si mimea, si wanyama. Ni kabila lao peke yao, ingawa katika baadhi ya mambo ya ndani wanatukaribia sisi kuliko wanavyowakaribia bakteria. Nimekuwa nikichota maji hayo kwa vichupa na kuyapeleka maabara Dar es Salaam kwa miaka tisa sasa.

Arkea hawa wanaishi mahali ambapo wewe na mimi tungekauka kama ng'onda. Jua na ukavu huikata DNA yao, yaani maandiko ya urithi wao, nyuzi zote mbili kwa pamoja, na mkato wa namna hiyo hauponi kwa kubandika ncha na ncha tu, kwa sababu herufi nyingine hupotea. Ila kila kiumbe kina nakala kadhaa za maandiko yaleyale. Basi protini iitwayo RadA hujizungusha kwenye ncha iliyokatika, huipitisha juu ya nakala nzima mpaka ikute mahali panapofanana nayo, na herufi zilizopotea hunakiliwa kutoka pale. Kazi hiyo huisha kimya kimya na kiumbe huendelea na maisha.

Vitabu huisifu RadA. Mimi nilishughulika na wasaidizi wake. Ncha iliyokatika haikai uchi: protini nyingine huwahi kuifunika ili isiharibike, na RadA ikifika hukuta pamejaa. Wasaidizi ndio wanaoifungulia nafasi, wanaoishikilia isidondoke, wanaoizuia isiachie kabla ya wakati. Wenyewe hawaungi hata uzi mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza niliondoa jeni la msaidizi mmoja. Arkea wakakua vilevile, wekundu, wanene, hawana habari. Nikaandika daftarini kwamba msaidizi yule hana kazi. Mkuu wetu wa maabara, Dokta Yasmin, alisoma sentensi ile akaniuliza, "Umewapa shida gani?" Sikuwa nimewapa shida yoyote. Nilikuwa nimewaweka kwenye joto zuri na chumvi ya kutosha, kama wageni wa harusi. Niliporudi na kuwamulika kwa taa yenye miale mikali kupita ya jua la mchana, wenye msaidizi walibaki hai kwa wingi, na wasio naye walikufa karibu wote. Upungufu ulikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa nimeutazama siku za raha tu.

Binadamu naye ana wasaidizi wa jamii hiyo. Mtu akizaliwa na nakala moja mbovu ya jeni la msaidizi, anaishi, anaoa, anafanya biashara mpaka anazeeka. Lakini nakala nzima nayo ikija kupotea katika chembe moja ya titi au ya kizazi, chembe ile haiungi tena DNA yake sawasawa. Makosa hulundikana humo, na kansa inaweza kuanzia hapo. Nilipofika kwenye ukurasa ule wa somo, nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba kulia. Nilikuwa nimemuona Safina.

Nikatoa damu yangu isomwe. Hospitali iliyomtibu Safina ilikuwa bado imehifadhi kipande cha uvimbe wake ndani ya nta, tukakiomba kwa barua, kikasomwa pia. Nikaenda Mahege na kichupa. Mama alitema mate ndani yake, akaniuliza mara moja tu kama kuna mtu mwingine atakayeyashika. Nilimwambia ni mimi, akatosheka.

Majibu yalikuja. Mimi nina herufi moja iliyobadilika katika jeni la msaidizi, na Safina alikuwa nayo. Mama hana.

Ningekimbia na karatasi ile mpaka Kibiti siku ileile, lakini chini yake palikuwa na mstari mmoja: maana ya badiliko hili haijulikani. Watu wa kwetu waliosomwa DNA zao ni wachache mno, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kulinganisha naye. Herufi iliyobadilika inaweza kuwa sumu, na inaweza kuwa haina madhara yoyote, kama kovu la chanjo. Nisingeweza kumsafisha mama kwa neno "haijulikani", wala kumwambia baba ugonjwa umetoka kwake. Nikaifungia karatasi mezani kwangu, nikajiambia nitasema nikiwa na hakika.

Bahati ilikuwa upande wangu kwa jambo moja. Herufi ile ilikuwa mahali ambapo msaidizi wa mtu na msaidizi wa arkea hawatofautiani. Kwa hiyo nilichukua arkea wa delta, wale wale wa majaruba, nikawawekea kosa letu la kifamilia. Ilichukua mwaka mmoja na nusu. Mara mbili walikataa kabisa kulipokea. Mwaka wa mafuriko makubwa majaruba yalizama yote, nikabaki na vichupa vilivyokuwa kwenye jokofu, nikawa navishika kama mayai. Mwishowe nilikuwa na visahani vitatu: chenye msaidizi mzima, kisicho na msaidizi, na chenye msaidizi mwenye herufi yetu. Nikawamulika wote kwa muda uleule. Baada ya wiki moja kisahani cha kwanza kilikuwa chekundu. Cha pili na cha tatu havikuwa na tofauti: vidoa viwili vitatu, kisha weupe mtupu.

"Arkea si mtu," Dokta Yasmin alinionya. "Huu ni ushahidi mmoja. Unahitaji mate ya baba yako, na unahitaji kujua wanawake wa upande wake walikufa kwa nini."

Nikapiga picha visahani, nikapanda basi la Kibiti.

Nilimkuta baba sebuleni baada ya sala ya alasiri, miwani puani, anakunja doti za kanga zilizobaki. Siku hizi duka anamwachia mtu mwingine na yeye hukunja tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa heri au umekuja kugombana?"

"Nimekuja na picha."

Nikazipanga juu ya kanga zake. Nilikuwa nimejiapiza kuwa mpole. Nilimweleza habari za uzi na nakala, na za protini inayoshikilia wenzake. Alisikiliza vizuri, baba ni msikilizaji, hilo simnyimi.

"Hizi nyekundu ndio hao wadudu wako?"

"Ndio. Hapa wana msaidizi mzima. Hapa hawana. Na hapa nimewapa msaidizi mwenye kosa nililo nalo mimi na aliyekuwa nalo Safina. Tazama mwenyewe."

Aliweka kidole juu ya picha ya pili, kisha ya tatu. "Hapa na hapa pamekufa sawasawa."

"Ndio, baba."

"Mie muuza kanga, mwanangu, mambo ya wadudu siyajui. Lakini ugonjwa wa titi unajulikana. Hunyonywa."

"Haunyonywi. Maziwa hayana kosa hili. Mtu huzaliwa nalo, amelipata kwa mama au kwa baba, nusu huku na nusu huku. Mama nimempima, hana. Nahitaji mate yako."

Baba alivua miwani. Akazikusanya picha tatu, akazilinganisha kingo kama anavyolinganisha doti, akanirudishia.

"Huhitaji mate yangu," alisema.

"Baba, bila kupima hatuwezi..."

"Nimekwambia huhitaji. Muzdalifa alikuwa nao ugonjwa huo."

Shangazi Muzdalifa alikufa Mloka, alikokuwa akiishi, miaka sita iliyopita. Sote tuliambiwa ni tumbo. Nilikwenda mazikoni mwenyewe. Nakumbuka tulikula ugali wa mahindi yaliyookolewa shambani tembo walipolivamia, na wanawake walioosha maiti walikuwa wameinamisha macho.

"Kidonda kilikuwa hapa pote," baba alisema, akapitisha kiganja kifuani mpaka kwapani. "Mwaka mzima nilikuwa namnunulia bandeji Ikwiriri. Nafika kule, nanunua, narudi, ndio naenda Mloka. Hapa Kibiti wenye maduka ya dawa wote wananijua. Aliniapisha kwa msahafu nisimwambie mtu. Ile ilikuwa sitara yake, Hanifa. Mtu akikukabidhi sitara yake utafanyaje?"

"Na sitara ya mama?"

Akavuta doti moja akaanza kuikunja upya.

"Baba, nakuuliza. Ya mama ulimkabidhi nani?"

Nilimchukia baba yangu saa ile, na nasema hivyo nikijua ni mzazi. Nilikuja kumfundisha jambo asilolijua. Nilikuwa nimeandaa maneno mepesi ya kumfariji, nimwambie kwamba mtu hachagui herufi zake na kwamba hakuna aliyejua. Kumbe alijua. Miaka saba alipita njia ya Mahege na kanga zake begani huku mwanamke aliyemwacha amebebeshwa lawama ya ugonjwa uliomuua Muzdalifa.

Tasnim alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Ana miaka kumi na tisa sasa, na ana shingo ya Safina. Aliliweka sinia chini polepole.

"Kwa hiyo, babu," alisema, "mie nilikatazwa kula kwa bibi, nikaambiwa nile hapa."

Baba alifunika uso kwa mikono. Nilimwambia Tasnim atahitaji kupimwa, kwamba inaweza kuwa hana, na kwamba akiwa nayo, kama mimi, tutatazamwa hospitali kila mwaka na kitu kikianza kitaonekana kingali kidogo. Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, lakini macho yake hayakutoka kwa babu yake.

"Nitampigia simu Mwanamize," baba alisema mwishowe.

"Talaka uliitoa mbele ya watu," nikamwambia.

Asubuhi yake alivaa kanzu na kofia, tukakodi bajaji, yeye, mimi na Tasnim, mpaka Mahege.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Mjomba Sadallah, kaka yake, alikuwa anatengeneza mpini wa jembe karibu yake. Alipomuona baba aliinuka akaleta kiti, maana shemeji ni shemeji. Mama hakuinuka.

"Aseme kwanza," alisema. "Kiti baadaye."

Baba akabaki amesimama juani. Namshukuru kwamba hakuzunguka. "Mwanamize," alisema, "mbele ya kaka yako na mbele ya watoto hawa. Ugonjwa uliomuua Safina haukutoka kwako. Umetoka kwangu, kwenye damu yetu. Muzdalifa alikufa nao. Mie nilijua, nikanyamaza. Nimekuja kukuomba radhi."

Ungo ulisimama mapajani mwa mama. "Ulijua lini?"

"Mwaka wa saba huu."

Mjomba Sadallah alifungua mdomo, mama akamnyanyulia kiganja. Nilisubiri alaani. Nilikuwa nimemwandalia laana hizo kichwani mwangu kwa miaka kumi na moja, na kama angepungukiwa ningemuongezea.

"Mie nilikuona una haki," mama alimwambia baba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Wallahi, nilikuona una haki kuniacha. Kila sala nimemuomba Mungu anisamehe kwa kumuua mwanangu. Huyu Tasnim alikuwa akitoroka shule anakuja mpaka pale kwenye mkorosho. Namuona. Naingia ndani nafunga mlango, nisije nikammaliza na yeye."

Tasnim alitoa sauti ndogo, akaenda kukaa chini miguuni pa bibi yake.

Hapo ndipo na mimi nilipopigwa. Nilihangaika kumsafisha mama kwa baba, kwa wanawake wa Kibiti na kwa Muzdalifa aliyekwisha kuingia kaburini. Haikunijia hata siku moja kwamba na yeye ameamini. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa na karatasi inayosema hana, nikaifungia mezani nikisubiri hakika, na miezi yote hiyo yeye alikuwa anaswali sala tano kwa siku akiomba asamehewe kosa ambalo mimi nilijua si lake. Nimemlaumu baba kwa miaka saba yake. Yangu ni mwaka na nusu.

"Mama," nilisema, "majibu yako nilikuwa nayo tangu zamani. Nilichelewa kukuambia. Nilitaka kwanza niwe na hakika."

Aliuweka ungo chini. Hakuuliza nilichelewa kwa nini. Hakuuliza habari za chumvi wala za protini, wala za visahani nilivyobeba picha zake kwenye mkoba. Baba alikuwa bado anasubiri radhi yake, na mama hakumpa wala hakumnyima.

"Hanifa," alisema, "yale maziwa niliyomnyonyesha dadako, yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima, mama."

"Sema tena. Kwa sauti, wasikie."

Nikasema tena, kwa sauti.